Video ya sailensa nimeitoa. Hii ndiyo sababu

Hii posti ni ndefu, kwa hivyo wekeni chai kwa moto kwanza.

Wengi mmekuja inbox kuuliza ile video ya "Fanya servisi ya Probox mwenyewe" imeenda wapi. Nimeitoa. Hakuna mtu aliniripoti na ekaunti haijadukuliwa. Nimeitoa kwa mkono wangu kwa sababu dakika ya tisa ya ile video nafanya kitu ambacho siku mbili baadaye kilikaribia kumuua baba yangu. Na ninakifanya nikicheka na kamera.

Wacha nianze mwanzo, hata kwa wale wageni hapa.

Mimi ni wa Litein, kaunti ya Kericho. Ukisimama kwetu ukiangalia upande wowote unaona majani chai mpaka macho yachoke. Niliacha chuo mwaka wa pili. Sababu nimewahi kuziandika hapa, zingine ni karo na zingine ni mimi mwenyewe, sitarudia. Kitu mnahitaji kujua leo ni kwamba baba aliuza ng'ombe wawili ili mimi niende chuo, na niliporudi nyumbani na begi hakuniuliza kitu. Aliniambia tu, "Karibu nyumbani, weri. Chai iko." Mpaka leo sijui kama alikuwa amekasirika.

Sasa Probox. Mkenya yeyote anajua Probox, lakini huku kwetu ni zaidi ya gari. Ndiyo basi, ndiyo pikapu, ndiyo ambulansi usiku. Ya baba ni ya zamani kidogo, injini ya 1500, gia ya otomatiki, aksileta bado ni ya waya. Aliinunua kwa bonasi ya chai akaongeza na mkopo wa sakko. Asubuhi hubeba walimu, mchana hubeba mboga na gunia za mahindi. Na msisahau bonasi yenyewe ya upande wetu wa magharibi mwa Bonde la Ufa huwa ndogo kuliko ile ya wenzetu wa Mlima Kenya, watu wameandamana juu ya hiyo maneno. Kwa hivyo hiyo gari ikilala siku moja, nyumbani kunajulikana. Sukari inapimwa.

Mimi nikaona nitaokoa doo. Servisi kwa garaji ya mjini ni pesa, na mimi nimeangalia video za magari kwa YouTube mpaka ninaota kuhusu spana. Nikamwambia mzae, "Wacha nikufanyie hii servisi mwenyewe." Akaniangalia kwa muda. Akatoa funguo.

Nitasema ukweli: nusu ya hiyo wazo ilikuwa kuokoa pesa. Nusu nyingine ilikuwa video.

Jumamosi

Nilimwaga oili, nikabadilisha filta ya oili, nikaweka filta mpya ya hewa, nikabadilisha plagi zote nne. Hapo kote nilikuwa sawa, hata mjomba alikuja kukubali baadaye. Halafu nikaamua nisafishe na throtoli, kwa sababu kwa video mlango wa throtoli ukiwa mweusi halafu ung'ae watu hupenda sana. Ni kama kuangalia mtu akiosha zulia.

Ili nifike throtoli nilifungua paipu kubwa ya hewa. Pembeni kulikuwa na hosi nene nyeusi iliyonizuia mkono. Nikaisukuma kando. Ikagoma kidogo, nikaisukuma tena. Kumbukeni hiyo hosi.

Nikasafisha, nikarudisha kila kitu, nikawasha. Gari ikanguruma juu. Nikangoja.

Sasa kuna kitu cha kuelewa hapa. Kericho ni juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi huwa baridi ya kweli. Injini ikiwa baridi ni kawaida izunguke haraka kwa dakika chache. Kompyuta ya gari inaiongezea hewa na petroli kusudi isizime, halafu inashusha pole pole vile maji yanapata moto. Injini ndogo ya petroli kama hii ikishapata moto huzunguka kati ya mara 600 na 800 kwa dakika gari ikiwa imesimama. Hiyo ndiyo mafundi huita sailensa. Si ile ya ekzosti, ni ule mngurumo wa kupumzika, mguu ukiwa nje ya aksileta.

Yetu haikushuka. Dakika kumi, kumi na tano, feni ya redieta ikawaka, bado iko juu kama mtu anakanyaga. Nikiweka D inaruka mbele kama ndama amefunguliwa kamba.

Nikaingia kwa live nikawauliza nyinyi. Msinielewe vibaya, silaumu mtu, nyinyi mlijaribu kusaidia. Mmoja alisema nitoe tamino ya betri kompyuta isahau. Nikatoa, nikarudisha, ikashuka kidogo halafu ikapanda tena. Mwingine akasema throtoli ikisafishwa huleta hiyo shida, itajisawazisha. Hiyo ina ukweli ndani yake, kwa sababu kompyuta ilikuwa imezoea mlango mchafu unaopitisha hewa kidogo, na sasa ni msafi. Lakini hiyo huwa ni tofauti ndogo, na huisha.

Halafu kukaja ile komenti ilipata laiki nyingi kuliko zote: "Kuna kaskrubu hapo kando ya throtoli. Zungusha ishuke. Kwisha."

Nikakaona. Kalikuwa na rangi juu, ile alama kiwandani huweka kusema usiguse. Nikachukua bisibisi nikazungusha. Sikuhesabu nimezungusha mara ngapi. Mngurumo ukashuka. Si mpaka chini kabisa, lakini ukatulia vya kutosha kwa kamera. Hiyo ndiyo dakika ya tisa. Nikafunga boneti, nikapiga mkono juu yake, nikasema, "Na hivyo ndivyo unaokoa elfu tano, bila digrii."

Mnakumbuka hiyo laini. Mliiweka hata kwa stika.

Jumatatu

Baba alitoka saa kumi na mbili asubuhi. Ukitoka Litein kuelekea Kericho mjini unashuka kwenda Chemosit, barabara inakunja, kuna daraja chini. Saa hiyo kuna trekta za kampuni za chai, kuna wachumaji wanaenda shambani na vikapu mgongoni, kuna watoto wa shule. Alikuwa na walimu wanne.

Haya yafuatayo niliambiwa na mmoja wa hao walimu, kwa sababu baba mwenyewe alichukua siku tatu kabla aniambie.

Walianza kushuka. Gari ilikuwa inajisukuma yenyewe, baba akawa anakanyaga breki mara kwa mara kuishika. Mara ya kwanza breki ikashika sawa. Ya pili sawa. Ya tatu au ya nne pedali ikawa ngumu kama kukanyaga jiwe. Haikuzama. Mbele yao kulikuwa na trekta na trela ya majani inatambaa, na upande wa pili lori linapanda.

Mwalimu aliniambia baba hakupiga kelele. Alirudisha gia kwa L, akavuta breki ya mkono kidogo kidogo, akakanyaga pedali na miguu miwili, akaingiza gari kwa nyasi upande wa kushoto mpaka ikapanda ukingo wa shamba la chai ikasimama. Hakuna mtu aliumia. Trekta iliendelea na safari yake, dereva wake hata hakujua. Walimu walishuka wakakaa chini kwa nyasi, na mmoja akatapika.

Mtu wa Kericho haambiwi breki ni nini. Tarehe 30 Juni 2023 jioni, lori liliacha barabara pale Londiani Junction likagonga magari na watu waliokuwa kando ya barabara, wachuuzi na abiria waliokuwa wanangoja gari. Watu zaidi ya 50 walikufa. Huku kwetu karibu kila mtu anajua mtu aliyejua mtu. Kwa hivyo huyo mwalimu alipokuwa ananiambia, "Kijana, breki ilikataa," sikuhitaji kuelezewa zaidi.

Baba alirudi saa nne, akiendesha polepole sana kwa gia ya chini. Akaweka funguo kwa meza mbele yangu. Akaenda kukamua ng'ombe, na ilikuwa saa nne asubuhi, ng'ombe walikuwa wameshakamuliwa.

Mama ambaye ni mwanaume

Mathe ndiye alipiga simu kwa kaka yake. Sisi Wakipsigis kaka ya mama yako unamwita "mama". Ndio, mama, na ndio, ni mwanaume ana ndevu. Nimeacha kuwaelezea marafiki wa Nairobi. Huyu mama yangu amekuwa fundi tangu magari yakiwa na kabureta, yuko upande wa Silibwet huko Bomet. Alikuja na pikipiki, begi ya spana kwa tangi.

Mimi nilikuwa nimejiandaa kumweleza. Nilikuwa na nadharia tatu. Akainua mkono.

"Kabla uniambie inafanya nini, niambie uligusa nini."

Nikaanza, "Mama, nafikiri ni ile valvu ya..."

"Sijauliza unafikiria nini. Gari ilikuwa nzima Ijumaa?"

"Ndio, mama."

"Ikawa mgonjwa Jumamosi jioni?"

"Ndio."

"Basi ugonjwa uko kati ya Ijumaa na Jumamosi jioni. Taja kila kitu mkono wako uligusa. Hata kama hukufungua. Hata kama uliegemea."

Nikataja. Oili, filta, plagi, paipu ya hewa, throtoli, tamino za betri. Nikafika kwa kaskrubu nikapunguza sauti. Hakusema kitu, alitikisa tu kichwa mara moja. Nilikuwa nimesahau hosi. Kwa kichwa changu hosi sikuigusa, niliisukuma tu. Ni yeye aliuliza, "Na hii nene hapa, mkono wako ulipitia wapi?"

Haya ndiyo alinionyesha, na hii sehemu naomba msome pole pole.

Injini ni pampu ya hewa. Mguu wako ukiwa nje ya aksileta, mlango wa throtoli umefungwa karibu wote, lakini pistoni bado zinavuta. Kwa hivyo ndani ya manifoldi kunakuwa na mvuto mkali, kama wewe ukinyonya soda kwa mrija umeuziba na kidole. Tundu lolote baada ya throtoli litaingiza hewa ambayo mlango haukuruhusu. Hewa ikiongezeka, kompyuta inaongeza petroli ifuatane nayo, kwa sababu inalenga karibu kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Hewa zaidi, petroli zaidi, injini inazunguka zaidi. Kompyuta ina kavalvu kadogo ka kupunguza hewa, lakini kakishafunga mpaka mwisho na tundu bado liko, haina lingine la kufanya.

Kwa hivyo injini inayonguruma juu baada ya servisi mara nyingi inakuambia kitu kimoja: kuna hewa inaingia mahali haikuwa inaingia jana. Ama waya wa aksileta umekazwa sana na mlango haufungi. Ama hosi imetoka, imepasuka, imesahauliwa. Ama gasketi haikukaa. Au kama ulimwaga maji ya redieta, hewa imebaki ndani na sensa ya joto inadanganya kompyuta kwamba injini bado ni baridi.

Akaanza na waya wa aksileta. Ulikuwa na ulegevu kidogo, sawa. Akaangalia maji ya redieta, yamejaa. Halafu akawasha gari, akachukua kipande cha mpira wa maji urefu wa mkono, akaweka ncha moja kwa sikio na nyingine akaipitisha karibu na kila hosi kama daktari. Akanipa mimi nisikie.

Ssssss. Kama nyoka.

Akashika ile hosi nene akaibana. Injini ikashuka papo hapo, ikatikisika, ikataka kuzima. Akaachilia, ikapanda. Akabana, ikashuka. Aliniangalia bila kusema.

Hosi ilikuwa imepasuka pale mwisho inapoingia kwa manifoldi, ufa wa urefu wa kucha, na klipu ilikuwa imerudi nyuma haishiki kitu. Mpira ulikuwa mzee, umekauka. Mimi ndiye niliumaliza nilipousukuma.

"Unajua hii hosi inaenda wapi?" akauliza.

Nikaifuata na kidole. Inatoka kwa manifoldi, inapita nyuma, inaingia kwa lile sahani kubwa jeusi nyuma ya injini, upande wa dereva.

Busta ya breki.

Wasee, hapo ndipo miguu iliisha nguvu. Busta inatumia ule mvuto wa manifoldi kukusaidia kukanyaga breki. Bila huo mvuto breki bado zipo, lakini unakanyaga kwa nguvu ya mguu wako peke yake, na kwa gari imejaa watu ikishuka mlima, mguu wako ni mdogo sana. Kwa hiyo hosi kuna valvu ya kwenda upande mmoja, inatunza mvuto kidogo ndani ya busta. Ndio maana mara ya kwanza na ya pili breki ilikuwa sawa. Ndio maana mimi nikijaribu pale uani, nikikanyaga mara moja kwa kamera, sikuona shida yoyote.

Gari ilikuwa inalia. Ule mngurumo wa juu ulikuwa ni dalili ya breki kuharibika, na mimi nikachukua bisibisi nikaipunguza sauti.

Hiyo ndiyo sentensi siwezi kutoa kwa kichwa. Mngurumo ungebaki juu kabisa, baba angekataa kuitoa nje ya geti. Alinionea huruma Jumapili jioni akasikiliza akasema, "Imetulia kidogo." Aliiamini kwa sababu niliifanya itulie.

Hosi mpya na klipu mbili kutoka duka la spea: shilingi mia saba. Kurudisha kaskrubu ilichukua muda mrefu kuliko hosi, kwa sababu sikuwa nimehesabu. Mama alikuwa akitafuta pale mlango unafunga bila kukwama, akifungua na kufunga na kusikiliza. Halafu tukatoa tamino ya betri, tukarudisha, tukaiacha injini ipate moto yenyewe bila mtu kugusa aksileta. Kidude chake cha kusoma kompyuta kikaonyesha 1,300, ikashuka 1,000, ikashuka mpaka 700 ikakaa hapo.

Sijawahi kusikia Probox ikiwa kimya hivyo. Ama labda sikuwa nimewahi kusikiliza.

Maoni yangu sasa, maana ndiyo mlikuja kusoma

Mimi nimekuwa nikiwaambia hapa mwaka mzima kwamba huhitaji cheti ili ujue kitu. Bado naamini. Mama yangu hana cheti cha ufundi, aliishia darasa la nane, na ndiye alipata kwa dakika ishirini kitu mimi nilizika. Lakini yeye amekosea kwa miaka thelathini mbele ya watu waliorudi kumdai. Mimi nilikuwa na wiki mbili za YouTube na hamu ya kuonekana. Mtu akiacha chuo anakuwa na haraka fulani. Unataka kila mtu, hasa mzazi wako, aone kwamba hukupotea. Hiyo haraka ndiyo ilishika bisibisi.

Na kuna kitu kuhusu sisi tunaotengeneza video. Video inataka mwisho. Shida, halafu suluhisho, halafu mkono juu ya boneti. Hakuna mtu anataka kuangalia mtu akisema, "Bado sijui, acha gari ilale, nitampigia fundi kesho." Mimi nilikuwa na chaguo hilo Jumamosi. Gari ingelala Jumatatu, tungekosa labda elfu mbili. Niliogopa elfu mbili, na niliogopa zaidi kumwambia baba sijaweza.

Wengine watasema, basi kijana akae mbali na injini, apeleke kwa garaji. Hapana. Watu wengi huku hawana pesa ya garaji na wataendelea kujifungulia boneti, tutake tusitake. Mimi mwenyewe nitaendelea, na Jumamosi hii naenda Silibwet kushikia mama spana, bila kamera. Lakini kuna mstari. Oili, filta, plagi, sawa, jifunze. Gari ikianza kufanya kitu haikuwa inafanya kabla uiguse, simama. Rudi nyuma hatua moja moja kwa kila kitu uligusa. Usizungushe kitu kipya kuficha cha zamani. Na kabla itoke nje ya geti, jaribu breki zaidi ya mara moja.

Jaribio la busta ni hili, halihitaji spana. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano au sita mpaka pedali iwe ngumu. Shikilia hapo na mguu. Washa injini. Pedali inafaa kuzama kidogo chini ya mguu wako. Isipozama, busta haipati mvuto. Hiyo gari isiende popote. Nilijaribu kwa Probox na hosi iliyopasuka kabla tuibadilishe, kwa amri ya mama, na haikuzama. Sekunde kumi. Ningeweza kujua Jumamosi kwa sekunde kumi.

Kitu kingine: msipulizie dawa ya kusafisha kabureta kwa injini ya moto kutafuta tundu, vile baadhi ya video zinaonyesha. Hiyo dawa hushika moto. Masikio, mpira wa maji, na kubana hosi moja moja vinatosha kuanzia.

Sababu ya mwisho

Ile video ilikuwa imeangaliwa sana kuliko kitu chochote nimewahi kuposti. Baada ya hosi kubadilishwa nilirudi kusoma komenti zote, moja baada ya nyingine, usiku mzima. Wengi ni vicheko. Lakini watu saba waliandika kwamba walizungusha kaskrubu kama mimi na gari ikatulia. Mmoja aliandika, "Asante bro, ya mathe imekuwa kimya kabisa, kesho anaenda nayo soko."

Niliwaandikia wote saba. Sita wamejibu. Wawili kati yao walikuwa wameanza pia kuona breki ngumu wakafikiri ni pedi. Mmoja alinitusi, na alikuwa na haki.

Yule wa mathe na soko hajajibu. Ni siku kumi na moja. Ekaunti yake haina jina la kweli wala picha, sijui ako kaunti gani. Labda ameniblock tu. Labda alikasirika, labda alipoteza simu. Naangalia kila asubuhi kabla sijaamka.

Kwa hivyo kama unamjua mtu aliyefuata ile video, mtumie hii. Kama ni wewe, bro, usinijibu ukitaka, lakini mwambie mathe asitoke na hiyo gari mpaka mtu abane zile hosi.

Baba ameanza kuendesha tena. Siku ya kwanza alisimama mlangoni na funguo mkononi, akaniambia, "Weri, njoo." Nikafikiri sasa ndio nitaambiwa. Tukaingia wote wawili, mimi mbele upande wa abiria. Akakanyaga breki mara sita injini ikiwa imezimwa, akashikilia, akawasha. Pedali ikazama kidogo. Akaniangalia.

"Hivi ndivyo mjomba wako alisema?"

"Ndio, baba."

Akatoa breki ya mkono. Tukashuka mpaka Chemosit tukarudi, polepole, bila redio. Hatukuongea kitu. Tulipofika nyumbani akanipa funguo nifunge gari.